Luchelele: Kiwanja cha Chini na Kiwanja cha Juu

Luchelele iko kusini mwa jiji la Mwanza, mbele ya Malimbe kilipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Nchi hapa imeingia ziwani, na ukishafika huulizi tena kwa nini watu wanagombea viwanja. Mawe ya Usukuma yamepandana vilimani, mengine yameegemea mengine kwa namna inayomfanya kila mgeni asimame ayatazame. Katikati ya mawe kuna miembe na mihogo, na kila upenyo unaotazama magharibi umejaa maji ya Ghuba ya Mwanza. Asubuhi ziwa limetulia. Mchana upepo unaingia kutoka majini na joto linavunjika. Jioni jua linazama upande wa Sengerema, na wavuvi wa dagaa wanaanza kupanga taa zao.

Nilikwenda huko na mwalimu wangu wa jiografia wa sekondari, ambaye mwaka huu anatimiza miaka 60 na kustaafu, pamoja na mkewe, muuguzi aliyestaafu kwa hiari akiwa na miaka 55. Mwalimu ni mtu wa Sengerema, amekulia kwenye mtumbwi. Mama ni mtu wa Singida, kwao ziwa ni kitu cha kutazamwa. Maisha yao ya kazi yamepita Dodoma na Tabora, kwenye nyumba za serikali na za kupanga, na tangu nimfahamu mwalimu amekuwa akisema kwamba siku akistaafu atajenga mahali atakaposikia mawimbi akiwa kitandani. Walinitaka niwasindikize kwa sababu ninaishi Mwanza, na kwa sababu, kama alivyosema mama, macho ya mtu asiyenunua huona zaidi.

Dalali, kijana mchangamfu na mwenye adabu, alitupokea Nyegezi. Shikamoo mzee, shikamoo mama, karibuni sana. Akatupeleka moja kwa moja kwenye kiwanja alichokuwa amemtajia mwalimu kwenye simu, kiwanja cha chini, kinachogusa maji.

Ni pahali pazuri mno. Ardhi inashuka taratibu kutoka kwenye shamba la mihogo, inapita chini ya mkuyu mkubwa, kisha inaingia kwenye kipande cha mchanga kilichokingwa na mawe mawili makubwa. Upande wa kushoto kuna matete, na juu ya matete yangeyange wametua. Mitumbwi mitatu ilikuwa imevutwa nchi kavu, na mzee mmoja alikuwa ameketi kwenye ukingo wa mmojawapo akishona wavu.

"Hapa mzee unafungua mlango wa nyuma, unanawa uso ziwani," dalali alisema. "Sato unamnunua mtumbwini, bado anaruka."

Mwalimu hakumjibu. Alivua viatu akasimama majini mpaka kwenye vifundo vya miguu, akitazama ng'ambo. Nilimtazama mama, na mama alikuwa anatazama mawe.

"Baba, mwangaluka," akamwamkia mshona wavu, kwa Kisukuma kile kile alichojifunza kwa wakwe. "Maji yalifika wapi ile miaka ya mvua?"

Mzee akaweka sindano yake chini na kuja. Alituonyesha ubavu wa lile jiwe la kulia. Juu ni jeusi na lenye kuvu ya rangi ya majani makavu. Chini limesafishwa likawa jeupe, na kati ya weusi na weupe kuna mstari ulionyooka. Mwalimu alitoka majini akasimama kando yake. Ule mstari ulimfika kiunoni. Mzee akaongeza kwamba nyuma yetu, karibu na mkuyu, palikuwa na mipera yake minne. Vilivyobaki ni visiki, vyeupe kwa kukaa majini muda mrefu, na tulikuwa tumevipita bila kuviona.

Mtu anayetaka nyumba ya uzeeni kando ya Ziwa Victoria angeanzia kwenye jiwe la namna hii kabla hajaulizia bei. Ziwa hili lina eneo la karibu kilomita za mraba 68,800, lakini halina kina kirefu. Kwa wastani ni mita 40 tu, na pale lilipozidi kina ni kama mita 80. Sehemu kubwa ya maji yake haitoki mitoni, inatoka mbinguni: mvua inanyesha juu ya ziwa lenyewe, jua linayavuta tena, na yanayobaki yanatokea Jinja kuingia Nile. Mvua ikizidi miaka miwili mitatu mfululizo, ziwa linapanda, na mlango wa kutokea ni ule mmoja. Mvua za 1961 hadi 1964, zile zilizokuja pamoja na uhuru, zilipandisha ziwa zaidi ya mita mbili. Mwaka 2006 lilishuka hata meli zikapata tabu bandarini. Mwezi Mei 2020 likafika kiwango kilichovunja rekodi ya 1964, na Mei 2024 likapanda tena likaivuka ile ya 2020. Kati ya 2006 na 2020 ni karibu mita tatu za wima, na ndani ya miaka 14 tu. Kwenye ufukwe kama ule wa Luchelele, unaoshuka labda mita moja kwa kila mita 30, mita moja ya maji ni uwanja mzima wa mbele ya nyumba, pamoja na bustani na karo la choo.

Habari hizi mwalimu ndiye aliyenifundisha. Alisimama mbele ya ramani ya ukutani akatueleza mvua, mvukizo na Jinja, na nilizikumbuka kwa sauti yake. Pale ufukweni alizirudia mwenyewe polepole, mkono ukiwa juu ya ule mstari, na mimi niliona jinsi mtu anavyoweza kuwa na elimu yote inayotakiwa na bado moyo wake ukawa umeshahamia. Simlaumu. Nyumba ya uzeeni hununuliwa kwa moyo, ndiyo maana inataka watu wa kuisindikiza. Na si Victoria peke yake: Naivasha, wakazi wa Kihoto wamefurikiwa na ziwa 2020 na tena 2025; Bujumbura na Gatumba, Ziwa Tanganyika limeingia majumbani mwa watu. Maziwa yetu mengi yana tabia hii, na nyumba za wastaafu zinaongezeka kando yake.

Liko pia suala la sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa la asili, mto au bwawa. Mwalimu aliomba tuzipime. Akaanza kwenye visiki vya mipera, kwa sababu ukingo wa ziwa linalopanda na kushuka ni vema uhesabiwe pale maji yalipowahi kufika, akatembea kwa hatua ndefu akihesabu kwa sauti. Alipita mkuyu, akapita mahali dalali alipotuonyesha kuwa ndipo sebule itakapokaa. Hatua ya sitini ilimkuta amesimama kwenye mihogo ya mtu mwingine, nje kabisa ya kiwanja.

Kwa hiyo kilichokuwa kinauzwa pale hakikuwa na nafasi ya kujenga hata banda la kuku. Dalali alisema maneno ambayo nimeyasikia pande zote za jiji hili: mbona wenzako wamejenga, mzee? Na ni kweli, kutoka pale tulipokuwa uliweza kuona ukuta wa matofali umeshuka hadi majini. Karatasi aliyokuwa nayo ni ya mauziano, ina muhuri wa serikali ya mtaa na sahihi za mashahidi wanne. Karatasi kama hiyo inathibitisha kwamba watu fulani walikutana na fedha zikahama mkono. Haithibitishi kwamba ardhi ile inaweza kupata hati, na siku serikali ikija na rangi nyekundu ya kuchora alama ya X, mashahidi wanne hawatamsaidia mtu yeyote.

Ninakasirika ninapowaza jambo hili, nami sioni sababu ya kulificha. Mstaafu anayenunua ndani ya mita 60 hadhulumiwi na mtu mmoja. Muuzaji anajua, dalali anajua, wanaoweka mihuri wanajua, na jirani aliyejenga anajua ila anatumaini wingi wao utawalinda. Asiyejua ni yule anayeleta fedha ya kazi ya miaka thelathini na mitano. Kijana anayedhulumiwa kiwanja atauza kahawa, ataendesha boda, atanunua kingine. Mtu wa miaka 60 hana duru nyingine.

Mita hizo 60 zina kazi. Matete yale yanachuja tope la mashambani lisiingie ziwani, na kwenye kina kifupi kati ya mashina yake ndipo sato wanapotaga na kulea vifaranga. Tena kuna watu. Tulipokuwa pale walipita wanawake na ndoo, mvulana na ng'ombe sita, msichana na beseni la vyombo. Njia yao inakatisha katikati ya kiwanja kile, imekanyagwa mpaka imekuwa ngumu. Ule ukuta tuliouona ulikuwa umeziba njia kama hiyo, na watu wa nyuma yake sasa wanazunguka mawe yote kwenda kuteka maji. Sijui mtu anayezibia jirani maji atazikwa na nani huku ugenini. Usukumani msiba ni wa mtaa mzima, na mtaa una kumbukumbu.

Tukakaa chini ya mkuyu, mama akatoa chai ya chupa, na tukazungumza faida, maana zipo na ni kubwa. Maji ya ziwa ni baridi, hayana chumvi. Waliojenga Bahari Beach au Bagamoyo wanajua jinsi hewa ya chumvi inavyokula mabati, nondo za madirisha na redieta ya gari. Mwanza bati likipigwa rangi linakaa. Hali ya hewa haichoshi, kwa kuwa Mwanza iko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Bustani ya mchicha na nyanya haikosi maji hata kiangazi. Samaki wanapatikana kila siku, sangara, sato, dagaa, na kitoweo ni gharama kubwa ya mstaafu. Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita tatu juu ya ghuba, lilifunguliwa Juni 2025, kwa hiyo mwalimu anavuka kwenda kwao Sengerema kwa dakika chache bila kusubiri kivuko. Na wajukuu watakuja. Watu wa mijini wanaoahirisha kila mwaka kwenda kuwaona wazazi hawaahirishi nyumba iliyo kando ya maji.

Kwenye wajukuu mama aliinuka. Alikwenda kwenye matete, akang'oa mmea mmoja wa majini, akaugeuza kiganjani. Chini ya jani walikuwa wameng'ang'ania konokono wawili, wadogo, bapa, wa kahawia, gamba la kila mmoja limejiviringa kama kamba iliyokunjwa. Akamletea mumewe.

"Hawa ndio nimewatibia watu miaka yangu yote," alisema. "Mtoto ataoga hapa Desemba, mwakani ana damu chooni."

Alikuwa anazungumzia kichocho cha tumbo. Vijidudu vyake vinakulia ndani ya konokono wa aina hiyo, vinatoka jua likiwa kali, vinaogelea na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini, hata kama ni kwa kunawa miguu tu. Vikishaingia vinaishi kwenye mishipa ya damu ya tumbo, na mayai yake yanaharibu utumbo, ini na bandama. Dawa, prazikwanteli, ipo na inafanya kazi, ila haimkingi mtu na maambukizi mapya. Mwalimu aliitazama miguu yake iliyokuwa bado na mchanga, akavaa viatu. Mama hakutaka kumvunja moyo. Alieleza kwamba maji ya ziwa yakipandishwa kwenye tangi yakakaa siku mbili, vijidudu hivyo vinakufa, na yanafaa kwa kuoga na kufulia. Alichokataa ni nyumba ambayo mtoto akitoka mlangoni anakanyaga maji.

Halafu kuna mamba na viboko, ambao mshona wavu aliwataja kwa utulivu kama mtu anayetaja majirani. Kuna wadudu wa ziwani wanaopanda kwa mawingu na kujaa kwenye kila taa, na usiku huo unafunga madirisha hata kama joto limezidi. Kuna magugu maji, yanayosukumwa na upepo kutoka hori moja hadi jingine. Leo ufukwe wako ni mchanga, wiki ijayo ni shamba la kijani lisilopitika. Haya ni ya kuvumilika. Nayataja kwa kuwa hayaonekani siku ya kuonyeshwa kiwanja.

Kiwanja cha juu kiko mwendo wa dakika kumi kutoka pale, kupita njia ya mawe. Dalali alikuwa amekitaja kwa sauti ndogo, na bei yake haifiki nusu ya kile cha chini. Kina mawe matatu makubwa ndani yake. Nyumba za majirani ziko karibu: fundi cherehani, mwalimu mwingine wa shule ya msingi, mama muuza dagaa anayeanika mbele ya mlango. Boda inafika mpaka uani. Kutoka kwenye jiwe la katikati unaliona ziwa lote la mbele, ghuba na vilima vya ng'ambo, upana ambao kule chini hukuupata kwa sababu ya matete na mkuyu.

Nacho kina taabu zake. Kujenga Mwanza juu ya mawe ni gharama ya kwanza kabla ya msingi: jiwe linachomwa moto mpaka lipasuke, linagongwa nyundo, linageuka kokoto, na hata hivyo kuna mawe yanayowashinda mafundi ukaishia kubadilisha ramani ya nyumba. Karo la choo linachimbwa kwa tindo. Kule chini taabu ni kinyume chake: ukichimba futi chache shimo linajaa maji, na choo chako kinaungana na ziwa unalokunywa. Tena kuna mteremko. Mwalimu alishuka na kupanda mara moja, akakaa kwenye jiwe kupumzisha magoti, na mama akamwonyesha mahali ambapo ngazi lazima ziachwe na badala yake uwekwe mserereko wenye mkono wa kushikia. Alizungumza kama mtu aliyewahi kusukuma wagonjwa wengi kwenye viti vya magurudumu.

Ndipo mwalimu alipojitetea, na maneno yake nimeyabeba hadi leo.

"Mama, mimi sitafuti nyumba ya kuugulia. Natafuta nyumba ya kuishi. Nikikaa huku juu nitaliona ziwa kama mtalii."

Mama alikaa kimya kidogo. Kisha akamuuliza usiku wa manane, mvua inanyesha, presha imepanda, gari litafika wapi kule chini? Kutoka Luchelele hadi Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda, ni kuvuka Nyegezi na Butimba. Kadi ya bima ya mstaafu anayo, lakini kadi haina magurudumu. Huku juu fundi cherehani ana bajaji.

Mimi niko upande wa mama, lakini neno la mwalimu ni zito. Wazee wengi wamejengewa na watoto wao nyumba salama, zenye geti na vigae, karibu na hospitali, na wamekaa humo wakingoja kufa. Nyumba ya uzeeni isiyo na kitu kinachomwamsha mtu asubuhi ni hasara hata ikiwa na hati ya miaka 99. Kwa hiyo nilimshauri mwalimu asiliache ziwa, alifuate kwa miguu: ajenge juu, na awe na mtumbwi chini. Mshona wavu alikuwa ameshasema mtumbwi unaweza kufungwa pale kwake bila malipo, na njia ya kushukia ni ile ile ya wanawake wenye ndoo.

Sehemu ya fedha iliamua zaidi ya ushauri wangu. Mtumishi wa umma akistaafu analipwa na PSSSF, mfuko wa pensheni ulioanza 2018 baada ya mifuko minne kuunganishwa. Kikokotoo cha Julai 2022 kiliweka mkupuo, yaani malipo ya mara moja, kuwa asilimia 33 ya mafao. Bajeti ya 2024/25 ikaupandisha kuwa asilimia 40 kwa waliokuwa zamani wakipata nusu, na 35 kwa wengine. Inayobaki inakuja kama pensheni ya kila mwezi. Mwalimu alikuwa amepiga hesabu ya kiwanja cha chini kwa mkupuo wote. Mama alitoa daftari lake dogo, akaandika bei ya kiwanja cha juu, kupasua mawe, msingi, bati, tangi na pampu, akaacha mstari mmoja mtupu alioupa jina la ugonjwa, na akaonyesha kwamba kwa kiwanja cha juu mstari ule unapata kitu. Kwa cha chini haupati hata shilingi.

Wakakubaliana cha juu, kwa masharti ya mama. Jumatatu waende ofisi ya ardhi ya jiji na namba ya kiwanja na kitalu, wafanye upekuzi, waione ramani ya mipango miji kwa macho yao, wajue kama mwenye jina kwenye hati ndiye anayeuza na kama mkewe ameridhia. Mwalimu akaongeza sharti lake: kwenye ramani ile njia ya kushuka ziwani ionekane kuwa ni njia ya umma, isije siku moja ikauzwa.

Kabla ya kuondoka mama alitaka kuona bikoni. Dalali akafyeka majani kwa panga. Ya kwanza ilikuwa kando ya njia, ya pili nyuma ya jiwe, ya tatu kwenye ua wa fundi cherehani, namba zake bado zinasomeka kwenye saruji. Ya nne haikuonekana, pamoja na kwamba tuliitafuta sote wanne mpaka kwenye mihogo. Dalali akasema ipo tu, imefunikwa na udongo, wangeweza kuweka japo fedha kidogo ya kushikilia kiwanja.

"Mwanangu, mlete mpima ardhi aifukue," mama alimjibu. "Tukiiona, tutazungumza fedha."

Mwalimu alikuwa ameshatoa simu ili amtumie chochote. Akairudisha mfukoni.